Rangi Isiyofanya Kitu: Kuzielewa Modi za Kuchanganya Matabaka

Fungua programu yoyote ya kuchorea, anza turubai tupu, kisha upake duara la bluu kamili. Ongeza tabaka jipya juu yake, upake hapo duara la manjano kamili linalofunika nusu ya lile la kwanza. Sasa nenda kwenye ile menyu ndogo iliyo karibu na orodha ya matabaka, inayoanza na neno Nomali, uibadilishe iwe Maltiplai. Kila aliyewahi kushika brashi ya rangi za maji atangoja kijani. Lakini pale duara mbili zinapokutana hapatoki kijani. Panakuwa peusi tititi.

Ukishaelewa kwa nini panakuwa peusi, sehemu kubwa ya menyu ile ndefu inajifungua yenyewe. Nasema hivi nikiikumbuka miaka niliyokuwa nikishuka na kishale jina baada ya jina, Maltiplai, Skrini, Ovalei, Softi Laiti, mpaka picha ipendeze. Mara nyingine ilipendeza kweli. Ila sikujua imependeza kwa sababu gani, na kesho yake kwenye picha nyingine ile ile modi, yaani kanuni ya kuchanganya niliyoichagua kwenye menyu, iliniharibia kazi.

Tuanze na namba, kwani hakuna njia ya kuzikwepa, na bahati nzuri ni hesabu za shule ya msingi. Kompyuta haiijui manjano. Inachojua ni namba tatu kwa kila pikseli, ile nukta ndogo kabisa ya picha: kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Manjano kamili ni 255, 255, 0. Bluu kamili ni 0, 0, 255. Kabla ya kuzichanganya, programu hugawanya kila namba kwa 255 ili zote zikae kati ya 0 na 1. Hapo manjano inakuwa 1, 1, 0 na bluu inakuwa 0, 0, 1. Maltiplai maana yake ni kuzidisha, nayo inafanya hivyo hivyo: nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Moja mara sifuri, sifuri. Moja mara sifuri, sifuri. Sifuri mara moja, sifuri. Sifuri tatu ni nyeusi.

Badili bluu ile iwe samawati, yaani 0, 255, 255, na hapo utapata kijani ulichokitarajia, kwa sababu samawati na manjano zote mbili zina kijani ndani yake. Rangi zikizidishana kinachobaki ni kile ambacho zote zilikuwa nacho. Rangi za maji nazo hutoa kijani kwa sababu hiyo hiyo: bluu ya kwenye kichupa si bluu kamili, inarudisha kijani kidogo, na manjano nayo inarudisha kijani. Wino haukukudanganya, na kompyuta haikukudanganya.

Modi zote za kuchanganya zina umbo hili. Programu huchukua pikseli moja ya tabaka la juu na ile iliyo chini yake moja kwa moja, inazifanyia hesabu fulani, inatoa pikseli moja. Haitazami jirani, wala haijui kwamba hapa ni shavu na pale ni ukuta. Haina habari kama umepaka kivuli au umemwaga rangi kwa bahati mbaya. Kwa hiyo kuuliza “modi gani ni ya vivuli?” ni kuanzia mahali pasipofaa. Ninaloshauri uulize ni hili: katika modi hii, ni rangi gani ikiwekwa juu haifanyi kitu?

Kila modi muhimu ina rangi yake ya namna hiyo, na ukiijua hiyo moja tu umeshajua zaidi ya nusu ya tabia yake. Kwenye Maltiplai ni nyeupe, maana nyeupe ni 1, na kitu ukikizidisha kwa 1 hakibadiliki. Rangi nyingine yoyote ni ndogo kuliko 1 mahali fulani, kwa hiyo itapunguza. Maltiplai haiwezi kuangaza hata kidogo. Kwenye Skrini rangi isiyofanya kitu ni nyeusi, na chochote kisicho cheusi huangaza. Kwenye Ovalei na ndugu zake ni kijivu cha katikati: kilicho cheupe kuliko hicho huangaza, kilicho cheusi zaidi hutia giza. Tazama sasa menyu ya Photoshop, utaona vistari vyembamba vinavyoigawa. Vistari hivyo vimefuata mantiki hii: kwanza kundi linalotia giza, kisha linaloangaza, kisha linalofanya yote mawili.

Hapo maswali mengi ya kila siku yanajijibu bila kukariri. Umechora kwa penseli kwenye karatasi, umeskani, unataka mistari ibaki na karatasi ipotee? Karatasi ni nyeupe, kwa hiyo Maltiplai. Una picha ya cheche au moshi uliopigwa mbele ya kitambaa cheusi? Weusi ndio unaotakiwa kupotea, kwa hiyo Skrini. Una picha ya ukuta uliokwaruzika, unataka mikwaruzo yake ikae juu ya mchoro wako bila kuugeuza rangi? Iondolee rangi ibaki ya kijivu, isogeze mwangaza wake mpaka kijivu chake cha kawaida kifike katikati, kisha Ovalei. Wengi hufika hatua hii ya mwisho, wakaona picha nzima imepauka au imefifia gizani, wakapunguza opasiti, yaani kiasi ambacho tabaka linaziba kilicho chini yake, kwa kukata tamaa. Opasiti haina kosa hapo. Wastani wa kijivu chao ndio haukuwa katikati.

Katika modi zote, Maltiplai ndiyo ninayoiheshimu kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na jinsi dunia inavyofanya kazi. Kitu chekundu kinaonekana chekundu kwa kuwa uso wake unarudisha sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na kuumeza mwingine. Kinachofika machoni ni mwanga ulioangukia kitu, mara sehemu ambayo kitu hicho hurudisha. Ni kuzidisha kule kule. Maana yake ni kwamba tabaka la Maltiplai juu ya mchoro wako linafaa kufikiriwa kama mwanga. Chini umepaka rangi za vitu vyenyewe, kama ambavyo vingeonekana chini ya mwanga mweupe; juu unapaka mwanga uliobaki baada ya kitu fulani kuuziba.

Tofauti hii ya fikra inabadilisha rangi unayoichagua. Anayeanza hujiuliza kivuli kina rangi gani, anajibu “cheusi kidogo”, anachukua kijivu. Nje, mchana wa jua kali, kivuli si mahali pasipo mwanga. Jua limezibwa, lakini anga lote la bluu bado linamulika pale. Kwa hiyo mwanga uliobaki kivulini una ubaridi, na tabaka la kivuli linataka zambarau iliyopauka au bluu ya kijivu.

Tujaribu kwa namba. Ngozi ya maji ya kunde iliyo wazi, tuseme 224, 172, 136. Izidishe kwa kijivu cha 160, 160, 160: unapata 141, 108, 85. Uwiano wa namba zile tatu haukubadilika. Ni ngozi ile ile imepunguzwa taa, na ukiitazama inaonekana imepakwa masizi. Sasa izidishe kwa zambarau nyepesi ya 170, 150, 190: unapata 149, 101, 101. Mwangaza unakaribiana na ule wa kwanza, lakini bluu imepanda kutoka 85 hadi 101 huku kijani kikishuka. Ngozi imegeukia wekundu wa damu iliyo ndani, na hewa imeingia kwenye picha. Tofauti ni namba chache tu, lakini jicho linaiona kabla hujaweza kuieleza.

Uzuri mwingine ni kwamba tabaka hilo moja linaweza kupita juu ya ngozi, nguo, nywele na ukuta kwa pamoja, na kila kitu kikajibu kwa namna yake. Ukichagua rangi ya kivuli cha kila kitu kimoja kimoja, utafanya kazi mara kumi na bado vivuli havitasikilizana.

Nitoe onyo moja hapa, maana kosa hili naliona kila mara. Usichague rangi ya kivuli kama unavyotaka kionekane mwishoni. Maltiplai yenyewe itatia giza. Ukiipa rangi ya giza utakuwa umetia giza mara mbili. Rangi ya tabaka hilo, ukiitazama peke yake kwenye Nomali, inafaa ikutie wasiwasi kwa jinsi ilivyo nyepesi.

Kuna jambo ambalo mafunzo mengi hulipita, nami naona lina uzito. Sehemu kubwa ya mafunzo ya kupaka ngozi yametengenezwa kwa ngozi nyeupe, na utaratibu wake ni mmoja: rangi ya msingi, Maltiplai kwa kivuli, basi. Chukua ngozi nyeusi, tuseme 90, 56, 40, uizidishe kwa kijivu cha 128. Unapata 45, 28, 20. Ukiendelea tabaka la pili, uso umezama. Pua, shavu na taya vyote vimekuwa doa moja. Mchoraji hudhani mkono wake ndio umeshindwa. Sivyo, ni hesabu. Maltiplai huondoa sehemu ya kile kilichopo, na kwenye rangi ya giza kilichopo ni kidogo, kwa hiyo tofauti kati ya mahali na mahali inabanwa mpaka haisomeki tena.

Skrini inafanya kinyume chake: inaongeza sehemu ya kile kisichokuwapo. Kwenye rangi nyeupe nafasi ya kuongeza ni ndogo, kwenye rangi ya giza ni kubwa. Chukua mwanga wa anga wa 60, 80, 110 uuweke kwa Skrini. Juu ya ile ngozi ya 224, nyekundu inapanda hadi 231 tu. Juu ya ngozi ya 90 inapanda hadi 129. Na ndivyo ilivyo machoni: umbo la uso mweusi husemwa zaidi na mng’ao, ule mwanga wa dirisha au wa anga unaotua juu ya paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na kwenye ukingo wa pua, kuliko linavyosemwa na vivuli. Kwa hiyo nikichora ngozi nyeusi naipa Maltiplai tabaka moja jepesi, halafu muda wangu mwingi nautumia kwenye Skrini au Softi Laiti, kwa rangi za baridi, opasiti ikiwa chini, brashi ikiwa laini kwenye paji na kali kwenye ncha ya pua. Uso unatoka wenyewe.

Jina la Skrini limetokana na projekta mbili zinazomulika picha zao kwenye pazia moja. Mwanga ukijumlishwa na mwanga, panazidi kung’aa. Hesabu yake ni Maltiplai iliyopinduliwa: geuza rangi zote mbili kuwa negativu, zizidishe, kisha geuza jibu. Kwa kuwa ni kuzidisha kulikofichwa, haiwezi kupita 255. Inaikaribia tu taratibu. Hapo ndipo inapotofautiana na modi ya kujumlisha, ambayo programu nyingine huiita Adi na nyingine Linia Doji. Hiyo hujumlisha waziwazi: 200 na 100 ni 300, na kwa kuwa 300 haipo, inakatwa na kuwa 255. Ndiyo maana kujumlisha hutoa weupe ulioungua, unaofaa kwa taa, radi na jicho la moto, ilhali Skrini inafaa kwa ukungu, vumbi hewani na mwanga uliotawanyika.

Dakeni na Laiteni hazihitaji maelezo marefu. Moja huchukua namba ndogo kati ya mbili kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, nyingine huchukua kubwa. Hazichanganyi, zinachagua.

Ovalei ndiyo inayowatatiza wengi, kwa sababu ni modi mbili ndani ya moja. Kwanza inaitazama pikseli ya chini. Ikiwa iko upande wa giza wa katikati, inazidisha na kuongeza maradufu. Ikiwa upande wa mwanga, inafanya Skrini kwa maradufu. Ukinakili picha na kuiweka Ovalei juu ya yenyewe, kijivu cha 64 kinashuka hadi 32 na cha 192 kinapanda hadi 224 hivi. Giza linazidi kuwa giza, mwanga unazidi kuwa mwanga, yaani kontrasti. Jambo la kushika ni kwamba anayeamua ni tabaka la chini. Hadi Laiti ni hesabu ile ile, ila anayeamua ni tabaka la juu. Ukiyabadilishana nafasi matabaka mawili, Ovalei ya moja inakuwa Hadi Laiti ya jingine, jibu lile lile. Kwa hiyo ukitaka mchoro wako ubaki bwana na tabaka la juu liwe mgeni, Ovalei. Ukitaka cha juu kitawale, Hadi Laiti. Softi Laiti ni ya upole zaidi, haifiki kwenye weusi wala weupe kamili kwa urahisi, na ndiyo ninayoitumia kutia joto la jua la jioni juu ya picha nzima: tabaka moja la chungwa, opasiti asilimia 20, basi.

Doji na Beni ni majina ya zamani kuliko kompyuta. Kwenye chumba cha giza, mpiga picha aliyekuwa akichapa kutoka kwenye negativu alizuia mwanga kwa kiganja au kipande cha karatasi ili sehemu fulani ibaki nyeupe zaidi. Huko ndiko kudoji. Akiacha mwanga uendelee kuanguka mahali pamoja ili pawe peusi zaidi, hiyo ni kubeni. Kala Doji ya kwenye programu hugawanya: pikseli ya chini gawanya kwa kile kinachobaki ukitoa ya juu kwenye moja. Pikseli ya 80 chini ya kijivu cha katikati inaruka hadi kama 160. Lakini sifuri ukiigawa kwa chochote inabaki sifuri. Tabia hiyo ina thamani kubwa kwa mchoraji. Paka kaa la moto kwa Kala Doji juu ya mchoro wenye mistari myeusi, nawe utaona mwanga unalipuka katikati ya mistari huku mistari yenyewe ikibaki imara. Skrini ingeipausha. Kwa upande mwingine, ukipaka mwanga wa Kala Doji juu ya mandhari nyeusi kabisa hutaona chochote, na wapo waliofuta programu na kuiweka upya wakidhani imeharibika. Weka kwanza rangi ya giza iliyo hai, bluu nzito au kahawia, ndipo upake.

Kundi la mwisho kwenye menyu halifanyi kazi kwa chaneli moja moja. Linaivunja rangi katika vitu vitatu: ni rangi gani, imekolea kiasi gani, na inang’aa kiasi gani, kisha linachukua baadhi kutoka juu na baadhi kutoka chini. Modi ya Kala inachukua aina ya rangi na ukolevu kutoka juu, mwangaza kutoka chini. Luminositi ni kinyume chake.

Mwangaza hapa haupimwi kwa wastani wa kawaida. Jicho la binadamu halizitendei rangi tatu sawasawa, kwa hiyo hesabu huipa nyekundu uzito wa 0.3, kijani 0.59 na bluu 0.11. Ndiyo sababu manjano kamili ikigeuzwa kijivu inakuwa kama 227, karibu na nyeupe, na bluu kamili inakuwa 28 tu, karibu na nyeusi, ingawa zote mbili kwenye kichaguzi cha rangi zinaonekana zimekolea sawa. Hapa pana zana ambayo siwezi kufanya kazi bila hiyo. Juu ya matabaka yote weka tabaka lililojaa nyeusi, modi ya Kala. Mchoro mzima unageuka kijivu kwa kufuata mwangaza halisi wa macho. Liwashe na kulizima ukiwa unachora. Uso ukipotea ndani ya mandhari kwenye kijivu, unapotea pia kwenye rangi. Ulikuwa hujaona tu kwa sababu rangi zilikuwa zinakupumbaza.

Kuna wanaochora kila kitu kwa kijivu kwanza, kisha wanatia rangi kwa modi ya Kala. Njia hiyo inawezekana, lakini ujue mipaka yake. Manjano ikiwekwa juu ya kijivu cha giza cha 51 inatoka karibu 57, 57, 0, kijani cha matope. Manjano halisi ikiingia kivulini macho huitarajia ielekee kwenye chungwa na kahawia, na modi haijui hilo. Gradienti mapu, zana inayobadilisha kila kiwango cha kijivu kuwa rangi uliyoipangia, hulitatua vizuri zaidi, kwa sababu unaiambia mwenyewe giza lake liwe rangi gani na mwanga wake uwe rangi gani.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba pikseli zote zimejaa. Nyingi hazijajaa: zina ukingo laini, zina opasiti. Kile kinachohifadhi kujaa huko ni alfa, chaneli ya nne. Wazo lake lilizaliwa miaka ya 1970 kwa Ed Catmull na Alvy Ray Smith, walipokuwa New York Institute of Technology. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakachapisha hesabu kamili ya kupanga picha zenye alfa juu ya nyingine. Wote wanne walituzwa mwaka 1996 kwa tuzo ya kiufundi ya Academy, ile ile inayotoa Oscar. Photoshop ilipata matabaka mwaka 1994, katika toleo la 3.0. Mwaka 2001 faili za PDF, toleo la 1.4, ziliingiza modi 16 za kuchanganya, na kurasa za wavuti baadaye zilichukua 16 hizo hizo. Ndiyo maana majina yanafanana karibu kila programu unayofungua.

Alfa ndiyo inayoeleza tatizo moja ambalo lilinigharimu usiku mzima. Nilikuwa na mhusika mwenye vivuli vizuri vya Maltiplai. Nikayaweka matabaka ya vivuli kwenye kundi lake ili nipange kazi, nikalihamishia faili kwenye programu nyingine, na vivuli vyote vikawa mabaka ya zambarau yaliyobandikwa usoni. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Maltiplai inahitaji kitu chini yake cha kuzidisha. Pasipo na kitu, yaani alfa ya chini ikiwa sifuri, tabaka linaonekana kama Nomali. Kundi la matabaka linaweza kufanya kazi kwa namna mbili. Katika namna ya kupitisha, matabaka yaliyo ndani yanaona kila kilicho chini ya kundi. Katika namna ya kujitenga, kundi linachanganywa kwanza lenyewe kwa lenyewe, juu ya utupu, kisha jibu lake ndilo linalowekwa kwenye picha. Photoshop huanza na kupitisha. Krita, programu ya bure ya kuchorea, huanza na kujitenga, na kupitisha unakuwasha mwenyewe. Ukilijua hilo, suluhisho ni la sekunde mbili: washa kupitisha, au lipe kundi lenyewe modi ya Maltiplai na matabaka ya ndani uyaache Nomali. Mimi hupendelea hii ya pili, kwani vivuli viwili vikikutana ndani ya kundi havizidishani tena na kutoa kidoa cheusi kwenye makutano.

Opasiti nayo ina jambo lake. Ukiishusha tabaka la Maltiplai hadi asilimia 50, programu inafanya hesabu kamili ya kuzidisha kwanza, kisha inakupa nusu ya njia kati ya jibu hilo na rangi ya chini. Kwa modi nyingi ndiyo hadithi yote. Lakini Photoshop ina kitelezi cha pili, Fili, na kwa modi nane, Kala Doji na Kala Beni zikiwemo, vitelezi hivi viwili havitoi jibu moja. Jaribu mwanga wa Kala Doji ukishusha Fili badala ya opasiti: unazimika kuanzia pembeni kuelekea kitovu, kama taa halisi, badala ya kufifia wote kwa mkupuo.

Limebaki suala la namba zenyewe. Ile 128 tunayoiita katikati si nusu ya mwanga. Skrini za kompyuta hutumia mpindo unaofuata macho, na kwenye mpindo wa sRGB, kiwango cha rangi kinachotumiwa na skrini nyingi, 128 inatoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa nyeupe. Nusu ya kweli ya mwanga ni 188. Programu nyingi za kuchorea hupuuza jambo hilo na kufanya hesabu juu ya namba zilizopindwa. Kwa Maltiplai tofauti ni ndogo: 128 mara 128 inatoa 64 kwa njia moja na 61 kwa nyingine. Kwa kujumlisha ni kubwa: 128 na 128 kwa namba zilizopindwa inagonga 255, nyeupe, ilhali kwa mwanga halisi ni 176. Na ukichanganya nyekundu na kijani nusu kwa nusu, njia ya kawaida inakupa 128, 128, 0, tope. Mwanga halisi unakupa 188, 188, 0, manjano inayopumua. Programu ya picha ya GIMP, toleo la 2.10 lililotoka mwaka 2018, iliyagawa modi zake katika makundi mawili, ya kisasa na ya zamani, ili faili za miaka ya nyuma zifunguke kama zilivyokuwa. Softi Laiti nayo ina fomula zaidi ya moja zinazotumika, na Krita inazo kadhaa kwenye menyu yake, zikiwemo ya Photoshop na ya SVG, muundo wa faili za michoro ya wavuti.

Kwa sababu hiyo nina faili moja ninalolitunza. Lina vipande 11 vya kijivu kutoka 0 hadi 255, na chini yake vipande sita: nyekundu, manjano, kijani, samawati, bluu na majenta. Juu yake kuna mikanda ya kijivu cha 128 na ya zambarau ile ya 170, 150, 190, kila mkanda na modi yake. Nikipata programu mpya, au mwenzangu akiniletea mchoro uliotengenezwa kwingine, nalifungua kwanza hilo. Ukanda wa Ovalei wa 128 usipopotea kabisa juu ya vijivu, najua programu hii inapima katikati kwa namna yake, na kabla ya kugusa kitu narudi kwa mwenzangu kumwomba nakala ya picha iliyounganishwa kuwa tabaka moja, niwe na cha kulinganishia.